Ile jeli ya kupaka fizi baada ya kung'olewa jino

Mtu aliyetoka kung'olewa jino utamjua hata kabla hajafika kaunta. Shavu moja limejaa, meno yameuma kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na mdomo upande mmoja umelegea kwa ganzi ambayo bado haijaisha. Haongei. Anaandika kwenye simu, kisha ananigeuzia kioo: "Naomba jeli ya kuponesha kidonda." Mimi ni mfamasia na ombi hilo nimelizoea, kwa hiyo huanza na maswali yanayojibika kwa kichwa tu. Umeng'olewa leo? Kichwa kinainama. Daktari amekuandikia jeli yoyote? Kichwa kinatikisika. Basi hapo najua tutakaa kidogo.

Shida ni kwamba ukiingia duka la dawa ukasema "jeli ya fizi" ni kama umesema "vidonge vyeupe". Tyubu zote ni ndogo, nyingi zina picha ya jino au ya mtu anayetabasamu, na zote zinaahidi nafuu. Ndani mna vitu visivyo na undugu wowote. Moja inatia ganzi, nyingine inaua bakteria, nyingine inatuliza uvimbe, na nyingine kazi yake ni kufunika tu kidonda kisiguswe. Wala hakuna kati ya hizo inayoponya kwa maana anayoifikiria yule anayenigeuzia simu. Kidonda kinafungwa na mwili wenyewe. Jeli nzuri inaupunguzia mwili bughudha. Jeli mbaya, au nzuri iliyopakwa wakati usio wake, inauongezea.

Kwa mgonjwa wa siku ya kwanza jibu langu huwa fupi: leo usipake kitu.

Wengine hununa. Lakini jino likitoka linaacha tundu ndani ya mfupa wa taya, na tundu hilo linajaa damu inayoganda. Donge lile linatisha kulitazama, jeusi, limetuna, linateleza, ila ndilo linalofunika mfupa, na ndani yake mna nyuzi za fibrini, ile protini inayogandisha damu, ambazo seli zitazishika zikitambaa kuja kujenga nyama mpya. Ukisukutua kwa nguvu, ukifyonza kinywaji kwa mrija, ukivuta sigara, au ukichokonoa na kijiti cha pamba chenye jeli yako mpya, unalibandua. Saa 24 za mwanzo pale hapaguswi. Baada ya hapo ni maji ya uvuguvugu yenye chumvi, unainamisha kichwa huku na huku taratibu, kisha unaachama yamwagike yenyewe. Usiteme kwa kishindo.

Donge likitoka mapema mfupa unabaki wazi, na madaktari wa meno huliita hilo tundu kavu. Dalili yake huja kwa hila. Siku ya kwanza unaumwa kama ilivyotarajiwa, siku ya pili unadhani unaelekea kupona, halafu siku ya pili hiyo hiyo jioni au ya tatu maumivu yanapanda upya, yanakwenda hadi sikioni, na mdomo unatoa harufu ambayo hata mwenyewe unaisikia. Kwa meno ya kawaida linawapata kama mtu 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya taya la chini, yale yanayotolewa kwa kupasua ufizi na kuchonga mfupa, zipo takwimu zinazofika 30 kwa 100. Wavutaji sigara wamo hatarini zaidi.

Hapo sasa ndipo jeli moja ina kazi ya kweli: ile ya klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 0.2. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio ya miaka mingi wakaona kwamba kusukutua kwa klorheksidini kabla na baada ya kung'oa, au kuweka jeli yake ndani ya tundu, huenda kunapunguza uwezekano wa tundu kavu. Ila soma vizuri: kuweka ndani ya tundu. Anayeweka ni daktari, papo hapo jino linapotoka, taa ikiwa juu yake na msaidizi akinyonya mate pembeni. Si wewe mbele ya kioo cha bafuni na kidole. Tena kwa mtu ambaye hatari yake ni ndogo tangu mwanzo, faida nayo inakuwa ndogo. Wengi watapakwa ili mmoja aokoke. Kwa mvutaji aliyechongwa gego lililolala, hesabu ni tofauti kabisa.

Na kama tundu limeshakuwa kavu, jeli ya kununua haitalifufua. Rudi kwa aliyekung'oa. Ataliosha na kuweka dawa maalumu, mara nyingi yenye yujenoli, kile kiini cha mafuta ya karafuu, na maumivu hushuka upesi kiasi kwamba watu hudhani wamefanyiwa kiini macho. Msichukue hilo kama ruhusa ya kudondosha mafuta ya karafuu wenyewe. Yakiwa makali yanaunguza ufizi. Kidonge cha aspirini kilichobanwa kati ya shavu na fizi nacho huunguza, na nimeonyeshwa mashavu yenye baka jeupe lililokunjamana, mgonjwa akidhani ni ugonjwa mpya. Aspirini hufanya kazi ikimezwa. Pale ufizini ni asidi tu.

Turudi kwa klorheksidini, maana ndiyo inayouzwa sana na ndiyo inayotumiwa vibaya sana. Nguvu yake ni kwamba inanata. Molekuli zake zina chaji chanya, kwa hiyo zinashika kwenye meno na kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, zikaendelea kuachia dawa kwa saa kadhaa. Udhaifu wake umetoka hapo hapo. Dawa nyingi za meno zina sabuni ya kutoa povu yenye chaji hasi. Mbili hizi zikikutana zinashikana na klorheksidini inakufa kabla ya kufanya kazi. Ndiyo maana husema piga mswaki, suuza, kisha ngoja nusu saa au zaidi. Kunata huko pia hutia meno na ulimi rangi ya kahawia ukiitumia kwa wiki nyingi, hasa ukiwa mpenzi wa chai na kahawa, na huharibu ladha kwa muda. Rangi husafishika kwa daktari, ladha hurudi yenyewe. Wapo pia wachache sana ambao miili yao huikataa kwa nguvu: vipele, uvimbe wa uso, pumzi kubana. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya mzio wa aina hiyo kwa dawa za ngozi zenye klorheksidini. Mtu akiniambia aliwahi kuwashwa mwili mzima baada ya kupakwa dawa ya kusafisha ngozi kabla ya upasuaji, simuuzii mpaka tujue ilikuwa dawa gani.

Jeli za ganzi sizichukii, ila nazipa mipaka. Lidokaini ya asilimia 2 inasaidia mtu mwenye kidonda kilichochubuka juujuu, akipaka kidogo kabla ya kula. Ubaya ni kwamba ganzi haichagui: nayo midomo na shavu vinalala, na mtu anatafuna shavu lake mwenyewe bila habari, kesho anakuja ana vidonda viwili. Ndani ya tundu haifikii palipo na maumivu, kwa hiyo watu hurudia na kurudia wakidhani wamepaka kidogo. Benzokaini, nayo ya ganzi, ndiyo ninayoichunga zaidi. Kwa nadra inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni inavyotakiwa, mtu akabadilika rangi midomo na kucha, na mwaka 2018 FDA ilitaka isiuzwe tena kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 2. Tukiwa kwa watoto: jeli zenye salisilati ya koline, ndugu wa aspirini, nchini Uingereza zilizuiwa kwa walio chini ya miaka 16 tangu 2009. Mama akija na mtoto aliyeng'olewa jino na kunionyesha tyubu aliyoikuta nyumbani, swali langu la kwanza ni, "Mama, mtoto ana umri gani?" La pili ni, "Hebu igeuze nisome nyuma." Mbele pa tyubu hapana habari. Habari zote ziko nyuma, kwa herufi ndogo.

Niliyoyasema mpaka hapa ni ya kung'oa jino. Lakini uzoefu ulionifunza mengi kuhusu jeli haukuhusu jino, ulimhusu mume wa dada yangu. Ufizi wake wa mbele chini ulikuwa umeshuka mpaka mizizi ya meno inaonekana, na daktari bingwa wa fizi akachukua kipande chembamba cha nyama kutoka kwenye kaakaa lake akakishona pale. Matokeo yake ni vidonda viwili. Kile cha mbele, kilichoshonwa, hakikumsumbua hata kidogo. Kilichomnyima raha ni kile cha kaakaani, mahali pa wazi pasipo na mshono, panapoguswa na ulimi kila anapomeza mate.

Akanipigia simu ya video, kaachama mbele ya kamera, tochi mkononi.

"Shemeji, tazama. Nyeupe hii. Si usaha huu?"

Nikamwambia asogeze tochi. Mstatili mdogo, kingo zake nyekundu, na katikati utando wa rangi ya maziwa yaliyochacha, laini, umelala sawasawa. Hakukuwa na uvimbe pembeni, wala harufu, wala homa.

"Si usaha, shemeji. Ni utando wa fibrini. Ndio ngozi ya muda."

"Nimeanza kuukwangua na mswaki."

"Uache hapo hapo."

Utando huo ndio unaowakosesha watu usingizi kuliko kitu kingine chochote baada ya upasuaji wa kinywa. Mdomoni hakuna kigaga kikavu kama cha gotini, kwa sababu hapakauki kamwe. Badala yake pana hicho kitu cheupe au cha manjano hafifu, kinachoonekana kibovu na kumbe ni kizima. Chini yake nyama changa nyekundu inajaa, na kutoka kingoni seli za juu zinatambaa kuelekea katikati. Kidonda cha kaakaani namna hiyo hufunga kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Ukikikwangua kila asubuhi, hesabu inaanza upya kila asubuhi.

Daktari wake alikuwa amempa jeli ya asidi ya hailuroniki. Hii ni sukari ndefu kama mnyororo ambayo mwili wenyewe hutengeneza. Imejaa kwenye nyama zinazounganisha viungo, na sifa yake kubwa ni kushika maji mengi kuliko unavyodhani. Iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer kule New York, kwenye ule ute wa ndani ya jicho la ng'ombe. Katika kidonda kipya mwili huimwaga kwa wingi, na wazo la jeli ni kuongezea. Je, inasaidia? Kwa vidonda vya kaakaani yapo majaribio yaliyoonyesha maumivu kupungua siku za mwanzo na kidonda kufunga mapema kidogo. Mengi ni madogo, ya watu makumi, na hayakubaliani yote. Mimi naiweka kwenye fungu la "haidhuru, huenda ikasaidia, usiuze shamba kwa ajili yake". Kwa shemeji niliona faida moja ya wazi: kila alipoipaka, ulimi haukukwaruza tena kile kidonda kwa muda, na akaweza kula. Kufunika nako ni kazi. Pengine kwa kidonda cha namna ile kufunika ndiko nusu ya faida yote.

Ila alikuwa anaipaka vibaya, kama karibu kila mtu. Tezi za mate hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Ukiweka jeli juu ya kidonda kilicholowa, umeiweka juu ya mate na sio juu ya kidonda. Inateleza na kuingia tumboni kabla hujafunga kifuniko cha tyubu. Nikamwelekeza hivi. Nawa mikono. Inamisha kichwa mbele, acha mate yakusanyike chini, teua kipande cha gozi safi, kigusishe kwenye kidonda bila kusugua, kinyonye tu unyevu. Jeli iwe kiasi cha punje ya mchele, juu ya kidole safi au kijiti cha pamba, kisha iguse kidonda na uiache. Usiisambaze. Wengi huisugua kama mafuta ya ngozi, na jeli inayonata ikisuguliwa inakuwa chengachenga zinazobanduka. Iache ilowe yenyewe ishike. Kisha nusu saa bila kula, kunywa, wala kusukutua. Kabla ya kulala ndio wakati mzuri kuliko wote, kwa sababu usiku mate hupungua sana na hakuna anayeongea.

Kinachoifanya ishike si dawa iliyomo, ni kile kinachoibeba: selulosi iliyobadilishwa, au kaboma, vitu vinavyovimba vikikutana na unyevu na kujifunga kwenye ute wa ngozi ya mdomo. Tyubu mbili zenye dawa ile ile kwa kiwango kile kile zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana kwa sababu hiyo tu. Iliyonifurahisha kuliko zote ni poloksama, ambayo ikiwa baridi ni maji na ikipata joto la mwili inaganda kuwa jeli. Tulipokuwa chuoni tuliitengeneza maabara; unamimina tone la baridi kwenye kiganja na unaliona likisita, likikoma kutiririka, likisimama. Wanafunzi wazima tuliirudia kama watoto mpaka mwalimu akaichukua.

Kuna jeli nyingine ambayo sitakuuzia kamwe kwa sababu unayo mwenyewe. Mwaka 2001 daktari Mfaransa Joseph Choukroun alieleza njia ya kuchukua damu ya mgonjwa, kuiweka kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, na kuizungusha mara moja kwenye mashine. Ikitoka ina tabaka tatu: maji ya njano juu, seli nyekundu chini, na katikati donge la manjano linalotikisika, fibrini iliyobeba chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuganda, na seli nyeupe. Daktari analinyanyua kwa koleo, analikata ile sehemu nyekundu, analikandamiza au analiingiza zima ndani ya tundu. Baadhi ya majaribio yanaonyesha maumivu na matundu kavu yakipungua baada ya kung'olewa magego ya mwisho. Ukimkuta daktari wako anayo mashine hiyo, muulize. Mimi sina cha kuongeza.

Vaselini watu huniuliza pia. Pembe za mdomo zikichanika kwa kuvutwa wakati wa upasuaji, paka, ni nzuri. Ndani ya tundu, hapana. Mafuta hayo mwili hauyavunji, yanabaki kama mgeni asiyeaga.

Wapo ninaowarudisha bila kuwauzia chochote. Damu isiyokoma hata baada ya kuuma gozi kwa nguvu nusu saa nzima. Uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, homa, shida ya kumeza au kuachama. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, kisha anahisi kitu kigumu chenye makali pale kilipokuwa kidonda. Huo ni mfupa, na jeli juu yake ni kupoteza muda. Mwenye kisukari kilichopanda huwa namwambia kushusha sukari ndiko jeli yake.

Shemeji alipona. Juzi akanipigia tena, tyubu imebaki nusu, na mama yake ana kidonda chini ya meno bandia. Ampe? Nikamwambia ile ncha imegusa kidonda chako, shemeji, itupe. Na mama apeleke meno yake kwa daktari yakasuguliwe pale yanapombana. Yakiendelea kumkwaruza, hata nikimpa tyubu mpya haitasaidia. Awe anayavua usiku.